Kichaka cha Mianzi Nyuma ya Jiko la Mama

Ninauza miche na maua kando ya barabara kuu, Kibaha, na katika kazi hii nimeshajijua: mimi ni mtu wa kufundisha watu hata wasipouliza. Mteja akishika mche vibaya, namsahihisha. Akisema atapanda mti karibu na ukuta, namuuliza ukuta wenyewe una msingi wa kina gani. Wadogo zangu wananiita mwalimu wa lazima. Zamani nilikuwa nacheka wakiniita hivyo.

Mianzi ndiyo niliyokuwa naifundisha kwa raha kuliko vyote. Watu wengi wanaiogopa. Wamesikia kwamba ukipanda mwanzi leo getini, mwakani unakutokea sebuleni. Basi mimi nasimama, mkono kiunoni, nawaeleza kwamba mianzi iko ya aina mbili. Ipo inayotambaa chini kwa chini na kuibuka popote inapotaka, na ipo inayokaa kichaka kimoja, machipukizi yakitoka ubavuni mwa mashina ya zamani bila kwenda mbali. Ile ya njano yenye mistari ya kijani, ambayo siku hizi kila anayemaliza nyumba anaitaka mbele ya ukuta wake, ni ya kukaa. Ikizidi unavunja machipukizi yakiwa bado laini, na inatulia. Vaa glovu tu, nawaambia, maana vile vinyweleo vyake vya kahawia vinawasha mpaka utalala umekaa.

Na kuna sheria moja ya kugawa kichaka ambayo nimeisema mara nyingi kuliko jina langu. Usikung'ute udongo. Shina la mwanzi likitolewa ardhini na mizizi mitupu, mara nyingi linakufa hata ukilibembeleza vipi. Chimba kwa mapana, litoe na udongo wake wote, lifunge kwa gunia bichi, lisafiri hivyohivyo. Kwa sheria hiyo nimeokoa mianzi mingi, na kwa sheria hiyohiyo nilimkosea mama yangu kosa ambalo halirekebishiki. Nitalieleza lilivyokuwa. Kujitetea najua, lakini safari hii sitajitetea.

Mama alikuwa anaishi Marui, Kisarawe, katika nyumba aliyojenga baba. Baba alikuwa mtunza bustani huku Kibaha, kwenye majengo ya serikali, na alikuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na kichaka kikubwa cha mianzi ya njano, na sote tuliokua pale tulijua kwamba mbegu yake baba aliitoa kazini kwake. Zaidi ya hapo hatukujua kitu, na hatukuwahi kuuliza. Watoto hawaulizi kwa nini mti upo mahali ulipo.

Kitu kimoja tulikijua: mama alikuwa mchoyo wa ile mianzi. Nilipoolewa, zilihitajika nguzo za kusimamishia turubai, na wajomba walishashika panga. Mama alisimama mbele ya kichaka akawaambia watafute kwingine, na nguzo zikaja kutafutwa kijiji cha pili wakati wageni wameshaanza kufika. Jirani aliwahi kuomba mmoja tu wa kuangulia maembe, akanyimwa. Na kila Ijumaa asubuhi mama alifagia chini yake, majani yote, akamwagia pale maji aliyooshea mchele. Sisi tulimtania. Tulisema mama ana mtoto mwingine nyuma ya jiko, na yeye alikuwa anatabasamu na kuendelea kufagia. Nikikumbuka utani ule sasa natamani ardhi inimeze.

Nilipoanza biashara ya miche nilimwambia mara kadhaa kwamba kichaka kisichopunguzwa kinajisonga. Mianzi iliyokauka katikati inatakiwa kukatwa chini kabisa ili machanga yapate hewa. Na kwa kuwa mimi ni mimi, niliongeza kwamba ningeweza kukigawa, nikapata mashina mazuri ya kuuza, yeye akabaki na uwanja mpana.

"Uache ulivyo, mwanangu," alikuwa ananijibu, basi.

Nililichukulia jibu hilo kama ukaidi wa watu wazima.

Miaka michache iliyopita macho ya mama yaliingia ukungu. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ikafika mahali akawa anatutambua kwa sauti. Nilimchukua nikamleta Kibaha, akawa anatibiwa hospitali ya Tumbi. Walianza na jicho moja, kisha akasubiri wiki kadhaa ndipo wafanye la pili. Muda wote huo alikaa kwangu. Mchana alikuwa anakaa kivulini pale kwenye miche yangu, amevaa miwani nyeusi waliyompa, wateja wakimpa shikamoo na yeye akiwaitikia marahaba kama mwenye duka. Kwa kweli nilikuwa na furaha siku zile. Nilikuwa na mama yangu, na alikuwa anakaribia kuona.

Wakati huohuo alikuja mteja, mzee mstaafu aliyekuwa anamalizia nyumba yake upande wa Ruvu. Hakutaka mianzi midogo ya kwenye mifuko. Alitaka mikubwa, ya kuziba vumbi la barabara, na alisema anaitaka aione ikiziba kabla hajafa, si baada. Mimi sikuwa na mikubwa. Lakini nilijua ilipo.

Nilijiambia kwamba kichaka kimezeeka na kinahitaji kugawanywa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba mama akirudi na macho mapya, itapendeza akute uwanja safi, maua, na benchi la saruji la kukalia jioni badala ya rundo la mianzi iliyokauka ambayo huenda ina nyoka. Hilo nalo niliamini ni kweli. Nilitaka kumpa zawadi. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atakataa, na nilikuwa nimechoka kukataliwa bila kupewa sababu.

Nikakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, nikaenda Marui na dereva, nikamwachia binti yangu kazi ya kumwekea bibi yake dawa ya macho. Kijijini nilitafuta watu wazima wawili wa kuchimba. Mmoja wao, aliyekuwa anatufahamu tangu zamani, alisimama kwanza na sululu yake begani, akaniuliza kama bi mkubwa anajua.

"Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza," nilimwambia.

Alivua shati, akainama, akaanza kuchimba.

Tulifanya kazi nzuri. Lazima niseme hivyo, maana ubaya wenyewe uko hapo. Kama ningekuwa mvivu ningekata mashina mawili ya pembeni nikaondoka. Lakini nilitoa kichaka kizima. Tulipunguza mianzi ikabaki urefu wa kimo cha mtu, tukakata visiki kwa shoka, tukachimba mpaka shimo likanifika kiunoni. Kila walipotaka kukung'uta mizizi ili mzigo uwe mwepesi nilipiga kelele. Nilisimamia udongo ule wote uingie kwenye magunia. Yalitoka mashina makubwa kumi na mawili, kila moja na gunia lake, na dereva akalalamika kwamba nimepakia ardhi ya Kisarawe nzima. Kisha nikaagiza udongo wa kichuguu, tukajaza shimo, tukashindilia, nikaweka benchi. Nilipiga picha kwa simu. Nilitaka mama aione siku atakayofunguliwa jicho la pili, halafu nikabadili mawazo, nikaona bora aikute mwenyewe.

Mashina saba yalikwenda kwa yule mzee wa Ruvu, nikayapanda mwenyewe kwa mstari mbele ya nyumba yake. Manne yalibaki kwangu kivulini. Moja lilinunuliwa na mwanamke aliyekuwa anapita. Alikuwa na gari dogo jeupe, amepakia mabegi, anaelekea bara. Alisimama kununua maji kwenye genge la jirani, akaiona mianzi, akaja. Aliniuliza kama itastahimili ukame. Nikampa somo lote, la kutambaa na la kukaa, na la kutokung'uta udongo. Akacheka, akatandika nailoni kiti cha nyuma, tukalilaza shina pale kama mgonjwa, akaondoka. Sikumuuliza jina wala namba ya simu. Kwenye miche hatuulizani.

Siku ya kumrudisha mama Marui ilikuwa kama sikukuu. Macho yote mawili yalikuwa yamefunguka. Asubuhi alinishika uso akanitazama, akaniambia nimezeeka, tukacheka sana. Njia nzima alikuwa anataja anachokiona: mbuzi, nguo iliyoanikwa, mtu aliyekaa juu ya pikipiki na kitanda. Mambo ambayo mimi nilikuwa nimeacha kuyaona. Tulipofika, watu walitoka kumpokea, akawa anawatazama mmoja mmoja na kuwataja majina kabla hawajasema neno. Kisha aliomba apewe nafasi azunguke nyumba yake. Nikamfuata, tabasamu limenijaa usoni, nasubiri kusifiwa.

Alipita pembeni ya jiko akasimama. Nilidhani anashangaa uzuri. Akaniuliza mianzi iko wapi. Nikaanza kumweleza, na nilieleza kirefu, jinsi kichaka kilivyokuwa kimejisonga, jinsi tulivyokitoa kitaalamu bila kuharibu hata mzizi, jinsi atakavyokaa hapa jioni. Mama aliniacha nimalize. Kisha alikaa chini. Hakukaa kwenye benchi. Alikaa ardhini, miguu ameinyoosha, kiganja ameweka juu ya udongo wangu wa kichuguu.

"Hapo amelazwa kaka yako," akasema.

Sikuelewa. Mimi sina kaka, ni wa kwanza kuzaliwa, nimewatawala wadogo zangu maisha yangu yote kwa cheo hicho. Mama akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, ambaye alitoka kimya, hakulia. Baba alikuwa kazini Kibaha. Kwao mtoto wa namna hiyo alizikwa na wanawake, karibu na nyumba, bila matanga wala msiba. Walimchukua mtoto, mama akiwa bado amelala pale alipozalia. Walipomaliza walimwambia asimtaje mpaka apate mwingine, ili mwingine naye asije akaondoka. Mwaka uliofuata nikaja mimi. Wakaja na wengine. Lakini kwa muda huo kutomtaja kulikuwa kumeshakuwa mazoea, akashindwa kujua aanzie wapi.

Baba alifika siku ya tatu na kipande cha mwanzi amekifunga kwa gunia bichi, amekibeba njia yote mapajani. Aliomba aonyeshwe mahali, akapanda. Kuanzia hapo kila mwisho wa mwezi, kabla ya kuingia ndani na kabla hajavua viatu, alikuwa anapitia kwanza nyuma ya jiko. Hilo nalikumbuka. Nilikuwa nadhani anakwenda chooni.

"Sikumshika," mama akaniambia. "Hata mara moja. Nilikuwa nimepanga siku yangu ikifika niwaambie mnilaze hapo, nimshike."

Nilimuuliza walimzika kina gani. Sijui kwa nini niliuliza, jibu nilikuwa nalo. Wanawake watatu na jembe moja, akasema, si kina kirefu. Nikakumbuka shimo lililonifika kiunoni. Nikakumbuka kelele nilizopiga ili hata tonge moja la udongo lisidondoke. Kichanga aliyezikwa miaka mingi vile hawezi kuwa amebakiza chochote cha kuonekana, na hatukuona chochote, lakini kama alikuwa mahali popote duniani basi alikuwa kwenye udongo ule. Na ule udongo nilikuwa nimeutia kwenye magunia kumi na mawili nikauza.

Nililia mbele ya mama kama sijawahi kulia tangu nilipokuwa na meno ya utoto. Yeye alinifuta kwa upande wa khanga yake, akasema kosa ni lake, alinyamaza muda mrefu mno. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniambie kwamba tangu utoto wangu sisikii, jambo ambalo ni kweli. Alisema tu kwamba jua limekuwa kali, tuingie ndani.

Niliondoka siku ileile. Yale manne ya kwangu yalikuwa rahisi, ingawa mawili nilikuwa nimeyahamishia kwenye ndoo kubwa, nikalazimika kufagia hadi sakafu ya banda la miche kukusanya udongo uliomwagika. Kisha nikaenda Ruvu. Njia nzima nilikuwa natunga uongo wa kumwambia yule mzee, kwamba mianzi ina ugonjwa, kwamba nitamletea bora zaidi. Nilipofika, alikuwa anaimwagilia mwenyewe, kwa kopo, shina moja baada ya jingine, na uongo wote ukanitoka kichwani. Nikamwambia ukweli, nimesimama kwenye matope yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. Hakutaka nimrudishie chochote. Alikwenda kuleta jembe mwenyewe.

"Chimba kwa mapana, mama," aliniambia. "Chukua na udongo wa shimo."

Tulichimba wote wawili, na katikati ya mashimo alikuwa anapumzika na kunitazama kwa huruma ambayo sikustahili. Alibaki na mashimo saba mbele ya nyumba yake, na vumbi lake la barabara.

Mashina yalikuwa kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa kwenye gari jeupe, mahali fulani bara.

Nililitafuta. Muuza maji alilikumbuka gari, hakukumbuka namba. Niliuliza madereva wa malori wanaosimama pale, watu wa vituo vya mafuta, mpaka wauza mahindi wa njiani. Niliandika tangazo kwenye kipande cha ubao nikaliweka mbele ya miche: aliyenunua mwanzi mkubwa wa njano na gari dogo jeupe arudi, nina shida naye. Watu walisoma wakacheka, wakadhani ni mambo ya mapenzi. Siku zikapita. Mashina kumi na moja yalikuwa yamehamishwa mara mbili tayari, yasingevumilia zaidi. Ilibidi niyarudishe.

Nikarudi Marui na kirikuu kilekile. Tulivunja benchi. Tulitoa udongo wote wa kichuguu, tukaumwaga mbali na nyumba. Mama alikaa ukingoni mwa shimo kwenye mkeka, na kila gunia lililofunguliwa alishika udongo wake kwa mikono miwili kabla haujaingia. Mimi nilipanda kwa duara. Na hapa ndipo ufundi wangu ulipofanya kazi yake nyingine. Mashina kumi na mawili yangekuwa na nafasi fulani kati yao. Mimi nilipima nafasi upya, nikayasogeza kidogo kidogo, ili kumi na moja yajae duara na pasionekane pengo.

Nilipomaliza, mama aliniuliza kama yote yamerudi.

"Yote, mama," nikamwambia.

Akasema alhamdulillahi. Akauliza tena, kwamba kwa hiyo siku yake ikifika mtoto atakuwa pale, mzima. Nikamwambia atakuwepo mzima. Sikupata shida kusema. Nilikuwa nimezoea kusema mambo kwa uhakika.

Masika ile mianzi ilishika. Mashina mawili yalikauka juu, lakini chini yalikuwa hai, na baada ya mvua kutulia yakatoa machipukizi manene, ya kahawia, yaliyochongoka. Mama alikuwa ananipigia simu kunihesabia. Leo limetoka moja upande wa choo. Leo mawili upande wa jiko. Sasa aliweza kuyaona mwenyewe, na furaha yake ilikuwa inanichoma. Nilikuwa namwambia asiyaguse yanawasha, na asimwage maji ya sabuni. Tukimaliza kuongea nilikuwa nakaa na simu mkononi. Kisha, siku ambayo biashara imelala, nilikuwa napanda gari naelekea mbele, Mlandizi, Chalinze, na kwingine, naangalia mageti ya watu.

Nimejifunza kutambua mianzi ya njano kutoka mbali sana. Nashuka, napiga hodi, naomba kuuliza waliipata wapi. Wengine wananikaribisha, wengine wanadhani mimi ni mwizi anayechungulia nyumba. Sijawahi kupata hata fununu.

Mama aliishi miaka miwili baada ya hapo. Mwisho presha ilimsumbua, miguu ikavimba, akawa hawezi kutembea zaidi ya mlangoni. Nilihamia Marui kumuuguza, biashara nikamwachia binti yangu. Mchana nilikuwa namtoa nje, namlaza kwenye mkeka mahali anapoweza kuona mianzi, namkanda miguu. Siku moja nikiwa namkanda hivyo, akaniambia niache kwanza, nimsikilize.

"Yule wa gari hukumpata," akasema.

Nikamuuliza nani alimwambia. Aliniambia kwamba yule mzee aliyechimba, yule aliyeniuliza kama bi mkubwa anajua, alikuja kumwomba radhi wiki ileile mama aliporudi kutoka Kibaha, akamweleza kila kitu, magunia kumi na mawili. Siku niliyorudisha, yeye alihesabu yakiingia. Kumi na moja. Halafu binti yangu alimsimulia habari ya tangazo la gari jeupe, akidhani ni kichekesho. Mama alikuwa anajua muda wote. Alikuwa anajua aliponiuliza, na alikuwa anajua nilipomjibu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa nimekonda.

Kisha akanishika mkono. Akasema nimwache yule wa gari, nisimtafute tena, maana nimeacha watoto na kazi nazunguka mageti ya watu. Kaka yangu, akasema, hakuwahi kutoka hata nje ya uwanja huu. "Mwache naye akaone dunia kidogo. Kumi na moja wananitosha."

Alisema kwa kutabasamu, na angekuwa mtu mwingine ningemwamini. Lakini huyu alikuwa mama yangu, ambaye miaka yote kipande cha mwisho cha nyama kilipobaki kwenye bakuli alisema ameshashiba. Alikuwa amengoja kumshika mtoto wake tangu kabla sijazaliwa, na sasa alikuwa anajifanya kwamba nusu nusu inamtosha, ili mimi nilale usingizi. Niliona hivyo waziwazi usoni mwake, na sikuwa na la kufanya. Nikamwahidi. Nikamwambia nimeacha, sitamtafuta tena. Alipumua, akaniambia niendelee na miguu.

Alifariki wiki tatu baadaye, mchana, baada ya kula uji kidogo. Wanaume walichimba kaburi pembeni ya mianzi, karibu kabisa, kama alivyotaka. Kwetu wanawake hawafuati maziko, kwa hiyo nilisimama mlangoni mwa jiko, wadogo zangu wamenishika, naona kwa mbali majembe yakipanda na kushuka. Mizizi ilikuwa imeshasogea mpaka pale, na nilisikia panga likiikata. Walipomteremsha, sikuona. Niliona tu migongo ya watu.

Ninasema alikufa ameridhika, watu wakiniuliza. Wadogo zangu wanajua habari ya kaka yetu sasa, na wananiambia nisijitese, mama mwenyewe alisamehe. Alisamehe, ndiyo. Alinisamehe uongo wa kwanza akiwa hai, akaubeba kimya miaka miwili. Ule wa pili hakuishi kuujua, au nataka kuamini hivyo, maana hata nilipokuwa namwahidi nilishajua nitaanza tena baada ya arobaini yake.

Wiki iliyopita nilifika mbali kidogo zaidi ya Chalinze. Kulikuwa na nyumba ya bati jekundu, na mwanzi wa njano pembeni ya tanki la maji, kichaka kimoja, umri wake kama unalingana. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima. Nilimwamkia, nikamweleza nafanya biashara ya miche, nikamuuliza aliupata wapi. Akasema aliukuta, nyumba waliinunua na mianzi yake, hajui nani aliupanda. Nikamwomba nikae pale chini yake kidogo, nimechoka na jua. Akanionea huruma, akaniletea kigoda na maji ya kunywa, akarudi kwenye kazi zake. Nilikunywa nusu. Iliyobaki nikaimwaga pale shinani.